Maumbile: Mwili, Udongo na Nguva katika Sanaa ya Wangechi Mutu



Nilipotakiwa kutoa jina la mhadhara huu niliandika neno moja tu: maumbile. Kijana aliyekuwa akiandaa bango alinipigia simu, akaniuliza kwa adabu sana kama nisingependa kuongeza maneno mawili matatu, maana neno hilo likibaki peke yake getini watu wanaweza kulielewa vingine. Alikuwa na haki, na maneno nimeyaongeza. Lakini huko kuelewa vingine ndiko ninakotaka tuanzie.

Mtu akisema maumbile, anaweza kuwa anazungumzia milima, mvua, wadudu na nyota, vitu ambavyo mkono wa binadamu haukuvitengeneza. Anaweza pia kuwa anazungumzia umbo la mwili wake, urefu wake, rangi yake. Na akishusha sauti, anazungumzia zile sehemu ambazo hatuzitaji mbele ya wazee. Neno ni lile lile, na shina lake ni kuumba. Kiswahili hakikuona haja ya kuutenga mlima na nyonga. Angalieni na ziwa: Rukwa ni ziwa, anachonyonya mtoto ni ziwa, na kinachotoka humo ni maziwa. Wanaisimu wenzangu watanikumbusha kwamba sauti kufanana si lazima asili iwe moja, na nawakubalia. Lakini mtoto anayejifunza lugha hasomi asili ya maneno, anayasikia yakikaa pamoja. Mkulima wa mpunga kule Kilombero akiona mashina yametuna kabla ya kuchanua husema mpunga umeshika mimba, wala hadhani kwamba ametumia tamathali ya usemi.

Mimi mwenyewe nina mnazi. Bibi mzaa mama alipokizika kitovu changu nyuma ya nyumba, alipanda hapo nazi iliyochipua, na nilipofikia umri wa kwenda madrasa alinishika mkono akanionesha. Alisema: huyu ndiye wewe. Hakusema huu ni wako. Aliutaja mti kwa ngeli ya watu. Nilikuwa nimeanza shule na nilijua kwamba mnazi ni huu, minazi ni hii, basi nikamsahihisha. Alinitazama, akarudia vile vile alivyosema mwanzo. Nimekuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, mbele ya picha za mwanamke wa Nairobi ambaye bibi yangu hakuwahi kumsikia.

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Alisoma Loreto Convent Msongari, akaenda Wales katika chuo cha kimataifa cha Atlantic, kisha New York, Cooper Union, alikohitimu mwaka 1996, na hatimaye Yale, alikopata shahada ya uzamili mwaka 2000. Shahada hiyo ilikuwa ya uchongaji, si ya uchoraji, na jambo hilo litatufaa baadaye. Aliishi Brooklyn miaka mingi. Siku hizi ana karakana Nairobi pia, na kazi yake inakwenda na kurudi baina ya miji hiyo miwili.

Picha zilizompa jina hazikutoka kwenye brashi peke yake. Anachukua karatasi laini ya plastiki, ile isiyonyonya maji, anamwaga wino na rangi juu yake. Kwa kuwa wino hauna pa kuzama, unatuama, unajikusanya kwenye vidimbwi, unakauka polepole ukiacha kingo nyeusi na mabaka katikati. Ukilitazama baka hilo kwa karibu huwezi kuapa ni nini. Linaweza kuwa ngozi yenye ugonjwa, linaweza kuwa ukungu kwenye ukuta wa bafu, linaweza kuwa delta ya mto iliyopigwa picha kutoka angani. Juu ya mabaka hayo anabandika vipande alivyokata kwenye majarida: midomo ya wanamitindo, mapaja kutoka kwenye majarida ya utupu, vyuma vya pikipiki, manyoya ya ndege na pembe za wanyama kutoka kwenye majarida ya safari na wanyamapori. Mwanamke anayetokea hapo ana goti la chuma, shingo iliyoota kama uyoga, macho mawili yasiyotoka kwenye uso mmoja. Ni mzuri, na wakati huo huo anatisha. Wapo waandishi waliowaita wanawake hawa mazimwi. Sikubaliani nao, na sehemu kubwa ya mhadhara huu ni kueleza kwa nini.

Kwanza niseme jambo linalonikera katika namna tunavyozungumzia mada hii. Kumuunganisha mwanamke na maumbile ni kazi nyepesi, na imefanywa sana. Tunaitwa ua, tunda, shamba. Waimbaji wetu wa taarabu wamezijaza kanda na bustani. Tatizo la ua ni kwamba daima kuna mtu mwingine anayelichuma. Na kwa mwanamke Mwafrika, kuunganishwa huko kuliwahi kufanywa kwa sheria ya nchi na kwa cheti cha kisayansi.

Sarah Baartman alikuwa Mkhoikhoi wa Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1810 alipelekwa London akaoneshwa kwa kiingilio, watu wakilipa kuyatazama makalio yake. Mwaka 1814 alihamishiwa Paris, akawekwa chini ya mtu aliyekuwa akifanya biashara ya kuonesha wanyama. Alifariki Desemba 1815. Georges Cuvier, mwanasayansi mkubwa wa Ufaransa katika mambo ya wanyama, aliupasua mwili wake, akatengeneza umbo lake kwa plasta, akahifadhi mifupa yake, na kuweka ubongo na sehemu zake za siri ndani ya chupa. Vitu hivyo vilibaki kwenye makumbusho ya Paris, mbele ya macho ya wageni, mpaka miaka ya 1970. Alirudishwa nyumbani mwaka 2002, akazikwa tarehe 9 Agosti huko Hankey, karibu na mto Gamtoos. Kutoka kufa hadi kuzikwa ilipita miaka 186. Katika muda wote huo, kwa wale waliomhifadhi, alikuwa maumbile: aliorodheshwa pale wanapoorodheshwa wanyama.

Tuliosoma tukayajua haya tuliitikia kwa njia moja. Tulikata uzi. Tulisema sisi si mwitu, sisi si wanyama, sisi si udongo. Sisi ni watu, tuna vitabu na mawazo. Nilifundisha hivyo kwa miaka mingi katika ukumbi uliopo hapo nyuma, na niliamini. Mutu alifanya jambo gumu zaidi. Alichukua mkasi akayakata majarida yale yale ambamo mwanamke mweusi na chui hupigwa picha kwa kamera moja na kuuzwa kwa bei moja, kisha akavibandika vipande upya, mwanamke akiwa bado na chui wake. Uzi hakuukata. Alichokikata ni mkono ulioushika.

Naomba picha ya pili.

Mnayoiona ni moja kati ya picha kumi na mbili alizozitengeneza katikati ya miaka ya 2000. Mfululizo huo una jina refu la kitabibu ambalo kwa Kiswahili tungesema histolojia ya aina mbalimbali za uvimbe wa mji wa mimba. Alitumia kurasa zilizochapishwa michoro ya zamani ya tiba: mji wa mimba uliopasuliwa katikati, shingo yake yenye vidonda, mimba iliyotunga nje. Chini ya kila mchoro kuna maandishi yaliyochapwa, na ukurasa umezeeka ukawa na rangi ya chai. Juu ya mchoro amebandika macho, midomo, manyoya, akanyunyiza chenga zinazometameta. Mji wa mimba unageuka uso, na uso huo unakutazama.

Nitasema jambo langu mwenyewe, na wanangu waliopo hapa wanisamehe. Nilipokuwa na miaka thelathini na minane niliambiwa nina uvimbe kwenye mji wa mimba. Ni ugonjwa wa wanawake wengi, na sisi weusi unatupata zaidi. Hospitali sitaitaja. Daktari alichukua fomu, akaigeuza nyuma, akachora kwa kalamu kitu kama pea lililopinduliwa, akaweka duara tatu. Hili kama limau, alisema, hili kama chungwa, hili hapa kubwa tunaliita la embe. Alieleza vizuri, sina lawama kwa maelezo. Lakini kwa dakika ishirini alizungumza na ile karatasi. Kidole chake kilikuwa kwenye pea, macho yake yalikuwa kwenye pea, na alipouliza kama kuna swali aliliuliza pea. Nilitoka pale nikiwa na matunda matatu tumboni na bila mwili.

Miaka michache baadaye niliziona picha hizi kumi na mbili kwenye kitabu, maktaba, nikafunga kitabu kwa sababu nilianza kulia na wanafunzi walikuwa karibu. Huyu mwanamke alikuwa amechukua ile karatasi ya daktari akaiwekea macho. Uvimbe hakuufuta. Kidonda kipo, jina la ugonjwa lipo chini yake kwa herufi zilizochapwa. Ila sasa ugonjwa una mwenyewe. Na zile chenga na manyoya ambazo wakosoaji fulani wameziona kuwa ni urembo wa kupitiliza, mimi naziona kama kitambaa anachofunga mwanamke kichwani asubuhi ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Ninyi mliowahi kumsindikiza mama au dada mnajua ninachosema.

Mwaka 2003, kabla ya mfululizo huo, alitengeneza picha ya vipande viwili iliyoitwa Yo Mama, kwa heshima ya Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria, yule aliyewaongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi ya wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwanamke amemshika nyoka mrefu asiye na kichwa, na kichwa kiko chini ya kisigino cha kiatu chake kirefu. Ni hadithi ya Hawa iliyopata mwisho mwingine. Naipita haraka, si kwa sababu ni ndogo, ila kwa sababu inasomeka yenyewe.

Filamu yake ya mwaka 2013, The End of Eating Everything, haiwezi kupitwa. Ni katuni ya dakika chache, na uso uliomo ni wa mwimbaji Santigold. Mwanzo unaona kichwa cha mwanamke angani, nywele zake zikisogea kama nyoka, akilisogelea kundi la ndege weusi. Unadhani ni picha ya mahaba na maumbile, ndege na mawingu. Ghafla anawashambulia kwa meno. Damu. Kisha kamera inarudi nyuma, na hapo ndipo unapoona mwili ulioko nyuma ya ule uso: lundo kubwa kama sayari, ngozi yenye vidonda na majipu, magurudumu yamenasa ndani yake, mikono inatikisika, moshi unatoka. Amekula kila kitu na kila alichokula kimebaki mwilini.

Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka, Profesa, yule ni mwanamke au ni dunia? Mimi huwarudisha kwenye lugha yao. Bibi yako anaposema nchi imechoka, anasema shamba au anasema watu? Akisema ardhi imekonda? Anayetazama filamu ile akiwa na Kiswahili kichwani hahitaji kuchagua. Mtu hali dunia kutoka nje yake kama anayekula embe, anajila. Huo ndio upande wa pili wa maneno ya bibi yangu. Ikiwa mnazi ndiye mimi, basi anayemwaga mafuta machafu kwenye shina lake ananinywesha.

Sasa tufike kwenye udongo, na kwenye ile shahada ya uchongaji.

Alipoanza tena kufanya kazi Nairobi katikati ya muongo uliopita, vifaa vyake vilibadilika. Plastiki ilipungua. Vikaja udongo mwekundu wa Nairobi, rojo la karatasi, gundi ya mbao, matawi, pembe, vibuyu, kauri, nywele. Akaanza kuunda walinzi, wanawake waliosimama, wengine warefu kuliko mtu, viungo vyao vikiwa matawi yaliyopinda na ngozi yao ikiwa udongo uliokaushwa. Hizi ndizo kazi zake ninazozipenda kuliko zote, na najua wengi hawakubaliani nami kwa sababu hazina ule mng'aro wa kolaji. Katika kolaji mwili na maumbile vinakutana juu ya karatasi. Hapa vimekuwa kitu kimoja tangu mwanzo, kabla ya mkono kufika.

Mutu ni Mgikuyu, na katika simulizi ya asili ya Wagikuyu mama wa kabila ni Mumbi. Jina hilo lina shina lile lile la kuumba tulilonalo sisi. Mumbi ni muumbaji, na ni mfinyanzi, na ufinyanzi kwa Wagikuyu ulikuwa kazi ya wanawake. Kwa hiyo mwanamke wa Nairobi anapochota udongo mwekundu akaunda mwili wa mwanamke, hafanyi jambo jipya la sanaa ya kisasa. Anafanya kazi ya jina la mama yake wa kwanza.

Udongo ule ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo, chuma kilichooza kwa hewa na maji baada ya volkano kupoa. Damu nayo ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Maseremala wa pwani wanalijua jambo hili kwa neno lingine: ngeu. Ngeu ni ule udongo mwekundu wanaoutumia kupigia mstari kwenye mbao kabla ya kupasua. Na ngeu, fungueni kamusi, ni damu inayotoka kichwani mtu anapopigwa. Watu wa kale waliona rangi moja wakaipa jina moja.

Januari 1999, Wangari Maathai alikwenda msitu wa Karura, kaskazini ya Nairobi, kupanda mti pale ambapo ardhi ya msitu ilikuwa imegawiwa watu binafsi ili wajenge. Walinzi waliokodiwa walimpiga, akapasuka kichwa. Akaenda kituo cha polisi akiwa vile vile, na alipoandikisha malalamiko alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Karura haikujengwa, leo watoto wa Nairobi wanaendesha baiskeli mle. Simtaji Maathai kwa kudai kwamba sanamu za Mutu zinamchora yeye. Namtaja kwa sababu siku ile, kwenye ile karatasi ya polisi, maana mbili za ngeu zilikutana, na kwa sababu nikiwatazama walinzi wale wa udongo mwekundu naona wanachokilinda.

Na kuna wanawake ambao hawahitaji makumbusho kuyajua haya. Nendeni Kariakoo mtafute akina mama wanaouza pemba, vile vipande vya udongo uliochomwa, vya kula. Wateja wao wengi ni wajawazito. Madaktari wana wasiwasi, na wana sababu: udongo wa sehemu nyingine, hasa karibu na machimbo ya dhahabu, una madini yenye sumu. Sisemi mle. Niliula katika mimba zote mbili. Nakumbuka harufu ilivyokuwa ikinivuta, harufu ya vumbi linapopata matone ya kwanza ya mvua, na jinsi ulimi ulivyokauka kisha ukajaa mate. Mwili uliokuwa ukitengeneza mtu ulikuwa ukidai udongo. Ningependa siku moja sanamu ya Mutu isimame pale sokoni, katikati ya wale akina mama, badala ya kusafirishwa ndani ya sanduku. Kwa sehemu kubwa kazi zake ziko Marekani na Ulaya, na mtoto wa Nairobi au wa Dar es Salaam anazijua kwa simu.

Wengi wenu mnamjua kwa wale wanawake wanne wa shaba aliowaweka Septemba 2019 kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Vile vishubaka vilijengwa kwa ajili ya sanamu na vilikuwa vitupu tangu mwaka 1902. Wameketi, wamevikwa mizingo tangu shingoni mpaka miguuni, na kila mmoja ana kisahani king'aavu: mmoja kinywani, mwingine machoni. Vinapopigwa na jua vinawaka. Aliwatazama wanawake wa mawe wa Ugiriki wanaobeba paa, na wanawake wa viti vya Waluba wa Kongo, wale wanaobeba kiti cha mfalme kwa ncha za vidole, akawatua mizigo. Ni kazi kubwa. Lakini shaba haina kiu, na mimi nawarudia walinzi wa udongo.

Isipokuwa shaba moja.

Mwaka 2014 alifanya maonesho London na kuyapa jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka, bila kulitafsiri. Waingereza walilazimika kuuliza. Na jibu lake si jepesi, kwa sababu nguva ni wawili. Nguva ni yule mwanamke wa baharini wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, anayewavuta wavuvi. Na nguva ni mnyama, wa nyama na damu, anayezaa na kunyonyesha. Mwanasayansi atataka tutenganishe. Watu wa pwani hawakutenganisha, na walikuwa na sababu iliyoko mwilini: nguva jike ana maziwa mawili kifuani, karibu na kwapa, kama ya mtu, na mtoto hunyonya akiwa ubavuni. Hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja na kuzaa mtoto mmoja. Hula majani ya baharini, anakwenda nayo polepole kama ng'ombe malishoni, na lazima aje juu kuvuta pumzi. Nyavu za kutega humuua kwa kumzuia asipumue. Anakufa maji, kiumbe wa maji.

Kuna masimulizi ya zamani ya pwani kwamba mvuvi aliyeleta nguva sokoni alitakiwa kwanza ale kiapo kuwa hakumwingilia. Wageni wameyachekea masimulizi hayo. Mimi nayasoma kama hati ya sheria. Jamii ile ilifika mahali ikasema mwili huu unafanana mno na wa mama zetu, kwa hiyo kabla hatujaula tunataka kujua ulitendewa nini. Paris ya Cuvier haikumdai mtu yeyote kiapo cha namna hiyo.

Mutu amemrudia nguva mara nyingi, kwa kolaji, kwa filamu, na mwaka 2017 kwa shaba nyeusi. Sanamu hiyo, Water Woman, iliwekwa kwenye bustani huko Austin, Texas, kando ya maji, juu ya kilima kidogo cha nyasi. Picha ya mwisho, tafadhali. Ameketi akiwa amejinyoosha mgongo, mkia umelala. Hana shepu ya nguva wa kwenye chupa za manukato. Hamwiti mvuvi. Tazameni mahali kiuno kinapokwisha na mkia kuanza. Tafuteni mstari, hamtauona. Miaka kumi na tano kabla, kwenye kolaji, mngeweza kuona kila ukingo ulipokatwa na gundi ilipopita. Hapa mshono umekwisha kupona.

Mwishoni mwa mwaka 2022 shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, IUCN, lilitangaza kwamba nguva wa Afrika Mashariki wako hatarini kabisa kutoweka. Waliokomaa hawafiki 250, katika pwani yote. Kundi lenye matumaini liko Msumbiji, kwenye visiwa vya Bazaruto. Kwetu wanaonekana kwa nadra mno, kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Mwaka huo huo wa tangazo nilikwenda delta ya Rufiji, kwenye mikoko, nikiwa na daftari. Nilimtafuta mzee mmoja aliyesifika kwamba amemwona. Alikuwa akisuka mtego chini ya mkungu, naye akanikaribisha, akaniambia kaa hapa mwanangu. Alisema alimpata kwenye wavu wake usiku mmoja wa bamvua, zamani, akiwa kijana. Nilimwomba anichoree. Akachukua kijiti, akafuta mchanga kwa kiganja, akaanza. Nilitegemea aanze na mkia, kama wanavyoanza wote. Alianza na ziwa, duara dogo chini ya kwapa. Kisha mtoto aliyeshikamana nalo. Kisha mgongo wa mama, mkono mfupi uliokunjwa juu ya mtoto, halafu ndipo mkia. Alipofika usoni alisita, kijiti kikiwa juu ya mchanga. Nikamuuliza uso ulikuwaje. Akasema uso hakuuona vizuri, mama alikuwa amemwinamia mtoto. Akaacha mahali pa uso patupu, akarudi kwenye mtego wake, na maji yalikuwa yameshaanza kujaa.